Kichwa na Mkia wa Mwaka

Desemba ile kiti hakikumweka Lasisi Ajao. Alikuwa akiwasha mashine yake ya kusaga pilipili pale sokoni Oje, akimimina nyanya, pilipili na vitunguu vya mteja wa kwanza, na kabla rojo halijashuka kwenye beseni amekwisha kutoka mlangoni kuangalia barabara, utadhani ana mgeni njiani. Hakuwa na mgeni. Upepo mkavu wa kaskazini ulikuwa umeupaka mji wa Ibadan vumbi jeupe kama unga wa muhogo, na barabarani hakukuwa na cha kutazama ila vumbi hilo. Alirudi ndani, akazima mashine, akaiwasha tena. Mkewe, Sinatu, alimwambia kwamba akiendelea hivyo siku moja atasaga vidole vyake na watu watavila kwenye mchuzi.

Kilichomkosesha raha kilikuwa wimbo. Wanawake walioleta mabeseni yao walikuwa wakiuimba huku wakimtazama usoni na kucheka: Ajao wa Oje, Ajao baba yake Mufu, mwana wa mashujaa wa Ikoyi, mtu ambaye mshale ukimwona hupinda njia. Walitoka hata mitaa ya mbali, wakazipita mashine nyingine, ili pilipili yao isagwe na mtu aliyetajwa kwenye albamu. Mwanamume mwingine angenunua kofia mpya. Katika mji ule, mtu aliyeimbwa kwenye albamu akifa huwa hajafa sawasawa. Kila kanda inapochezwa kwenye harusi au kwenye kumtoa mtoto, huitwa arudi aketi na wenzake. Lasisi aliusubiri wimbo wa namna hiyo tangu ndevu zake zilipokuwa nyeusi. Sasa umekuja, na umekuja umevaa nguo za mtu mwingine.

Nyumba ya baba yake ilikuwa nyumba ya wahunzi. Baba yake alizaliwa kando ya fuawe, na babu yake vilevile. Ikoyi walikuwa watu wa mama yake. Na watu wa pale hawahitaji kuelezwa maana yake: mtu husifiwa kwanza kwa nyumba ya baba, na mwimbaji akipenda, baadaye humwongezea ya mama kama kitoweo. Ukisikia mtu amesifiwa kwa mama peke yake, unajiuliza huyo baba alikuwa na kasoro gani. Pengine hakulipa mahari. Pengine hakuwapo.

Ili jambo hili lieleweke, lazima kwanza tuseme juu ya baraza la Mama Tawa.

Mama Tawa alikuwa anauza amala, ugali mweusi wa viazi vikuu, na mchuzi wa kunde karibu na kituo cha zamani cha wauza nguo za kusuka. Kwenye baraza lake walikutana wapenzi wa muziki wa fuji, wazee kwa wazee, kila Jumapili. Walikuwa wengi zamani. Mauti yalikuwa yamewapunguza hadi wakatosha kwenye mabenchi mawili. Jumapili ya mwisho ya mwaka walikuwa na hukumu yao. Albamu zote za fuji zilizotoka mwaka ule huletwa mezani, huchezwa, hubishaniwa, kisha mmoja wao hutangaza ipi ni kichwa cha mwaka na ipi ni mkia. Kichwa huchezwa pande zote mbili bila mtu kuzungumza, na wakati wake hata amala haiagizwi. Mkia hutolewa utepe wake wote kwenye kanda, na utepe ule hufungwa juu ya matuta ya bamia ya Mama Tawa, uvume kwa upepo na kufukuza ndege. Walikuwapo waimbaji wenye magari ambao sauti zao, kwa maisha yao yote, hazikufanya kazi ya maana kuliko ile.

Mtangazaji wa hukumu alikuwa Lasisi. Hakuna aliyemchagua. Ilitokea tu kwamba mwaka baada ya mwaka wenzake walibishana hadi wakachoka, kisha wakamgeukia. Hakwenda shule zaidi ya chuo cha Kurani, na kelele za mashine zilikuwa zimeliua sikio lake la kushoto, lakini la kulia lilikuwa zima, na alikuwa na kipimo chake. Alisema kwamba sifa isiyo na tusi ndani yake ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Sifa za kweli za ukoo, zile walizoziimba wake wa nyumba wakiwaogesha watoto asubuhi, zilisema ushujaa wako na wizi wako kwa pumzi moja. Zilikuambia babu yako alishinda vita, na kwamba alirudi na mbuzi wa rafiki yake. Mtoto akikua na maneno hayo masikioni hawezi kuwa na kiburi wala hawezi kuwa mnyonge. Ndivyo watu walivyolelewa kabla ya kuanza kulelewa na televisheni.

Mwaka ule kichwa kilikuwa kinajulikana tangu Ramadhani. Alhaji Sunmola alikuwa ametoa albamu, pengine ya mwisho, maana pumzi yake ilikuwa inakatika na unamsikia kwenye kanda akiivuta. Alikuwa na wapiga ngoma tele, kila mmoja na ngoma yake, ngoma zisemazo zikijibizana kama wake wenza, na yeye katikati akiwachongea, akiwatania, akiwataja watu wa Ibadan mmoja mmoja pamoja na kasoro zao. Hajji mmoja mwenye maduka alisifiwa kwa ukarimu, kisha akaulizwa mbona mama yake bado anakoga uani. Karibu baraza lote la Mama Tawa lilitajwa. Mojidi fundi saa alitajwa. Hata Mama Tawa alitajwa, kwa kijiko chake kidogo.

Lasisi hakutajwa. Wala kwenye albamu iliyotangulia, wala zilizoitangulia hiyo. Na yeye ndiye aliyetembea na Sunmola walipokuwa vijana, wakipiga makopo mitaani wakati wa Ramadhani kuwaamsha watu wale daku. Muziki wa fuji ulitoka kwenye makopo hayo, si kwenye studio. Sunmola akawa Sunmola, Lasisi akarithi mashine ya mjomba wake. Kila albamu mpya aliisikiliza kwa sikio la kulia akiwa amelishika kwa kiganja, mara ya kwanza kwa ajili ya jina lake, mara ya pili kwa ajili ya muziki. Kwa mara ya pili alisikiliza kwa haki. Alijiambia kwamba mpenzi wa kweli halipwi. Alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu anayeliamini neno hilo.

Na mkia nao ulijulikana. Kijana mmoja aliyejiita Kunmi Tobo alikuwa ametoa albamu isiyo na mpiga ngoma hata mmoja. Kulikuwa na kinanda cha umeme, na ndani ya kinanda kulikuwa na ngoma, kama samaki ndani ya kopo. Ngoma hizo hazikuchoka, hazikukosea na hazikumjibu mtu. Juu yake Kunmi aliimba majina ya watu kwa sauti tamu, na kila mtu kwake alikuwa simba, tembo, bahari. Katika albamu nzima hakuna mtu aliyekuwa na kasoro. Lasisi alikuwa ameshaitupia mkia moyoni kabla ya kufika upande wa pili.

Upande wa pili ndiko alikokuwa amewekwa yeye.

Mpangaji wa mambo alikuwa Mufu, mwanawe wa pekee, aliyekuwa Lagos akiuza simu za mkononi, ambazo zilikuwa ndiyo kwanza zinaingia. Mufu alijua baba yake anatamani nini. Mtoto gani hajui? Akamtafuta mwimbaji anayefikika, akampa alichompa, akamtajia jina na sifa za nyumba. Sifa alizozijua ni zile alizoimbiwa na bibi yake, mama yake Lasisi, aliyemlea. Bikizee yule alikuwa mtu wa Ikoyi, na baada ya wake wengine wa nyumba ya wahunzi, walioziongoza sifa za pale, kufa, yeye aliimba alichokuja nacho kutoka kwao. Kwa hiyo Mufu hakudanganya. Alitoa chote alichopewa.

Lasisi hakumwambia kitu kwenye simu. Mufu alikuwa anacheka kwa furaha kule Lagos, akauliza kama baba amesikia, na Lasisi akajibu kwamba amesikia. Mufu akasema Jumapili ya mwisho ya mwaka atakuja mwenyewe barazani, alete kreti za soda na kanda za kuwagawia wazee. Lasisi akasema vema. Alipokata simu alitoka, akaelekea msikitini, akarudi kabla hajafika.

Siku mbili tatu baadaye alikuja mjumbe kutoka kwenye ua wa wahunzi, ng'ambo ya soko. Ua ule ulikuwa na tanuri moja tu lililobaki, nalo lilitumika kufulia nondo za madirisha. Mkuu wa nyumba, mzee asiyeona tena, hakumtuma mjumbe na maneno mengi. Alisema Lasisi aambiwe hivi: hakuna aliyemfukuza, akitaka kuhamia Ikoyi, ahame kwa heri, ila aliache jina la baba yake pale alipolikuta.

Mjumbe aliyasema hayo akiwa amesimama, akakataa maji. Kukataa maji ndiko kulikomchoma Lasisi zaidi.

Tangu hapo hakulala vizuri wala hakula vizuri. Akitoa mkia kwa Kunmi Tobo, angekuwa amelining'iniza jina lake mwenyewe juu ya bamia, jina pekee ambalo limewahi kuimbwa, na angemvunja mwanawe mbele za watu, mtoto ambaye ametoka Lagos na kreti za soda. Asipoutoa, kila mtu pale barazani angejua kwa nini, na nyumba ya wahunzi ingekuwa imepata jibu lake. Alifikiria kuugua. Alifikiria kusafiri. Sinatu, ambaye alikuwa akifurahia wimbo ule kuliko wote na aliucheza asubuhi akifagia, alimwambia wazi kwamba watu wengine huombea hata kutajwa kwenye tangazo la vifo, na yeye ameletewa sifa nyumbani anazinusa kama nyama iliyochacha.

"Hata wewe umeniita mwana wa Ikoyi jana," Lasisi akamwambia.

"Nilikuwa naimba."

"Ulikuwa unaniita kula."

Sinatu akasema ile sifa ya wahunzi hakuna aliyewahi kumfundisha. Alipoolewa aliwakuta wake wa nyumba wawili tu, mmoja kiziwi. Zamani mke alikuwa akiingia kwenye nyumba na kujifunza sifa za nyumba kama anavyojifunza mahali pa chumvi. Sasa wake wanaingia kwenye chumba cha kupanga chenye friji.

Jumapili ikafika. Mufu alikuja mapema, amependeza, na lesi yake ya bluu, akawaangukia wazee kifudifudi mmoja mmoja kama inavyotakiwa, na wazee wakampenda. Soda zikafunguliwa. Kanda zikaanza kuchezwa kwenye redio kubwa ya Mama Tawa. Lasisi hakukaa. Alisimama nyuma ya benchi, akaenda kwenye nguzo, akarudi, akapangusa meza ambayo haikuwa na kitu.

Albamu ya Sunmola ilipochezwa watu walitikisa vichwa. Ya Kunmi Tobo ilipofika upande wa pili, Mufu alisogea mbele kwenye kiti chake. Jina likatoka. Mama Tawa akapiga kigelegele. Kisha likatoka lile la Ikoyi, na kwenye benchi la pili Mojidi fundi saa akaanza kucheka kwa mabega. Mojidi na Lasisi walikuwa wametaniana tangu wakiwa watoto wa chuo kimoja, na utani wao ulikuwa umefika umri ambao hakuna anayejua tena kama bado ni utani.

"Lasisi ndugu yangu," Mojidi akasema, "miaka yote hii nakujua kama mtoto wa mhunzi. Kumbe yule mzee pale kwenye tanuri alikuwa mpangaji wa mama yako?"

Benchi likacheka. Mufu hakucheka, alimtazama baba yake, kisha Mojidi, akitafuta kilichochekesha. Lasisi alimwona mwanawe akitafuta. Pale pale akatambua kwamba kijana hakujua kama alikosea, na kwamba hakuna siku yoyote ambayo angeweza kujua.

Wenzake wakamgeukia, kama kila mwaka.

Lasisi akasema kichwa ni cha Alhaji Sunmola. Hakuna aliyebisha. Akaongeza kwamba Sunmola hajamtaja, na hatamtaja, na kwamba labda amemsahau. Lakini katika albamu ile mtu akisifiwa anatoka akiwa mtu, na mapengo yake yote. Kisha akashika nguzo. Akasema mkia ni wa Kunmi Tobo.

Redio ilisikika ikivuma. Mama Tawa alisema polepole, "Baba Mufu, jina lako limo."

"Limo," akasema Lasisi. "Ngoma hazimo. Na ningekuwa simo ningesema mkia bila kushika nguzo."

Mufu aliinuka. Hakuwa kijana wa kelele. Alikuja karibu na baba yake, akasema kwa sauti ya chini, ingawa wote walisikia kwa sababu wote walitaka kusikia, "Baba, nilikuletea jina lako. Nilisafiri nalo mpaka nikampata mtu wa kuliimba. Unalitundikia ndege?"

"Jina ni langu," Lasisi akasema. "Nyumba siyo yangu. Sisi ni wahunzi, Mufu. Ikoyi ni bibi yako."

"Bibi ndiye aliyeniimbia."

"Ndiye."

"Basi na hiyo ya wahunzi niimbie wewe," Mufu akasema. "Niimbie, nimpelekee mwimbaji mwingine."

Halikuwa neno la kiburi, ila mbele za watu lilikuwa zito. Mwanamume haimbi sifa za ukoo barazani. Hiyo ni kazi ya wake wa nyumba na ya wapiga ngoma, na wote hao sasa walikuwa makaburini. Lasisi aliachia nguzo. Sauti yake ilikuwa sauti ya mtu aliyepigia kelele mashine maisha yake yote. Akaanza: watoto wa fuawe, watoto wa mvukuto usiolala, waliomtengenezea mfalme panga na mkulima jembe, na panga na jembe vikatoka kwenye chuma kimoja. Akaenda mstari wa tatu, wa nne, mkono wake ukipiga paja kutafuta ngoma. Halafu akakwama. Akarudi nyuma, akaja tena kwa kasi ili arukie mbele, akakwama palepale. Wazee wakaangalia chupa zao za soda. Kulikuwa na shimo pale, na hakujua lina upana gani.

"Watoto wa walioiba makaa ya jirani," Mojidi akasema kutoka kwenye benchi la pili.

Lasisi akamgeukia.

"Ndivyo ilivyo," Mojidi akasema. "Tulikuwa tunawaimbia nyinyi mkipita chuoni. Mliiba makaa mkasema Ogun, mungu wenu wa chuma, amewatuma. Umesahau tulivyowatania? Mimi sijasahau."

Na ilikuwa kweli. Nyumba yenyewe ilikuwa imesahau, waliokumbuka walikuwa watani, kwa sababu walihifadhi matusi. Lasisi akaushika mstari ule, na ule uliofuata ukaja wenyewe nyuma yake: jirani alipokuja kushitaki, wakamuuzia makaa yake, akashukuru. Hapo mtu mmoja alicheka, kicheko kingine kabisa. Kisha Lasisi akakwama tena, na Mojidi akatupa lingine, la mhunzi mwenye jicho moja aliyeoa wanawake watatu na kumwona mmoja tu. Walikwenda hivyo, mmoja akisifu na mwenzake akitukana, mpaka wote wawili wakafika mahali ambapo hakuna aliyekuwa na kitu. Wakangoja. Wakawatazama wengine. Mama Tawa akatikisa kichwa.

Bado palikuwa na maneno mengi baada ya hapo. Lasisi alikumbuka kwamba mama zake wa nyumba waliimba hadi maji ya kuogea yakapoa. Maneno hayo yalikuwa yamekwenda. Hakuna mtu atakayeyarudisha, wala si Kunmi Tobo, wala si Sunmola na ngoma zake zote.

Mufu alikuwa bado amesimama. Aliichukua kanda ya Kunmi Tobo mezani, akaigeuza mkononi, akampa Mama Tawa ili afanye nayo inavyofanywa. Kisha akavuta benchi, akakaa kati ya baba yake na Mojidi, akaanza kuyasema maneno yale kwa sauti ndogo, moja baada ya jingine, fuawe, mvukuto, panga la mfalme na jembe la mkulima, jirani aliyenunua na kushukuru.

"Umeruka wizi," Mojidi akamwambia. "Anza tena."